Riwaya ya Mado na Kabedi, Lubumbashi 2025 na 1974: wasomaji wanashtukia siri mapema

Kalamu ya Katuba (Lubumbashi)

Salamu wandugu. Muswada wa riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12 umefika sura 18, maneno kama 31,000, na umekwama mahali patatu.

Kisa ni hiki. Mado, miaka 11, anakaa Katuba mwaka 2025. Jioni moja anasikia king'ora cha kiwanda, kile cha kuita wafanyakazi wa zamu, lakini wengine katika lupango (uwanja wa nyumba) hawasikii kitu. Anakifuata mpaka kwenye daraja la reli, anapita chini yake, na upande wa pili ni mwaka 1974. Anakutana na Kabedi, rika lake. Anaenda na kurudi mara sita, urafiki unakomaa. Katika sura ya 18 tunajua kwamba Kabedi ndiye Mama Véro, jirani anayeuza mandazi mbele ya lupango ya kina Mado.

Tatizo la kwanza: watoto waliosomewa sura nne za mwanzo wanajibu palepale, "Kabedi ni kambo yake Mado," yaani bibi yake. Wamekosea, lakini wamekaribia mno. Nikimficha zaidi, mwisho unaonekana umebandikwa.

La pili: sura ya 9 Mado anamkataza Kabedi kupanda lori moja kwa sababu amesikia kwamba lilipinduka. Kabedi hapandi. Kuanzia hapo kila sura inabomoa iliyotangulia.

La tatu ni bangili ya shaba. Mama Véro anampa Mado mwaka 2025, Mado anamwachia Kabedi 1974, Kabedi anaitunza mpaka azeeke, halafu anampa Mado. Nimeambiwa kuna kosa hapo. Silioni.

Mwalimu wa Ruashi (Lubumbashi)

Ndugu Kalamu, nianze na bangili maana ni rahisi. Uliza ni fundi gani aliyeifua. Hakuna. Mado kaipata kwa Kabedi, Kabedi kaipata kwa Mado. Na hata msomaji akikusamehe hapo, kuna uchakavu: bangili inazeeka miaka 50 mkononi mwa Kabedi, kisha Mado anairudisha mwanzo ikiwa tayari na miaka 50, inaongezewa mingine 50, na tena, na tena. Ingekuwa vumbi zamani. Mtoto wa miaka 10 anayependa kubomoa saa za ukutani atakuuliza hilo siku ya kwanza. Dawa yake ni kitu kusafiri upande mmoja tu. Baba yake Kabedi ni mtu wa kiwandani, basi yeye ndiye aifue kwa waya wa shaba, Kabedi akae nayo miaka 50, Mado aipokee na aivae. Kwisha. Isirudi chini ya daraja.

Sasa lori. Hapo hujachagua sheria ya wakati, umechanganya mbili. Katika sura ya 1 hadi 8 yaliyopita hayabadiliki. Sura ya 9 yanabadilika kwa sababu ulihitaji msisimko. Ukiruhusu mabadiliko, Mama Véro wa sura ya 1 si yule wa sura ya 10, na itabidi useme nani anamkumbuka yule wa kwanza. Kama Mado peke yake anakumbuka, umempa kazi ya kueleza kitabu chake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Kuna wanaokimbilia matawi: Mado akigusa kitu, dunia inagawanyika mara mbili. Kwa watu wazima sawa. Kwa kitabu cha urafiki ni sumu, kwa sababu Kabedi aliyeokolewa atakuwa Kabedi wa tawi lingine, na mama wa mandazi hana habari naye. Urafiki wote unaenda na maji.

Shika sheria moja ngumu: kilichotokea kimetokea, na Mado alikuwa ndani yake tangu mwanzo bila kujua. Halafu tumia lori namna hii. Mama Véro achechemee tangu ukurasa wa pili, kitu cha kawaida, Mado asikiulize. Sura ya 9 Mado anakataza lori, Kabedi anatii, anarudi kwa miguu, anakatiza kwenye reli, anaruka mtaro na kuvunja mguu. Lori linapinduka kweli. Hakuna kilichobadilika: mchechemeo ulikuwepo kabla Mado hajaondoka nyumbani, na ni yeye aliyeusababisha, na bila huo hakuna Mama Véro. Msomaji atarudi mwenyewe ukurasa wa pili kuthibitisha. Hayo marejeo ndiyo utamu wa vitabu hivi.

Utaona kwamba siri inafunguka sura ya 9 au 10. Iache ifunguke. Kosa lako kubwa liko hapo: umejenga sura 18 juu ya swali "Kabedi ni nani?", na swali hilo linatosha sura tisa. Nusu ya pili ina swali zito zaidi: Mama Véro amejua nini, tangu lini, na kwa nini amenyamaza? Kwake yeye yote haya yameshapita. Anaijua siku ambayo Mado atasikia king'ora. Anajua mara sita, si saba. Amekaa mahali pale na karai lake la mafuta miaka mingapi akimsubiri mtoto ambaye hajazaliwa? Ukilijibu hilo kabla ya kuandika mstari mwingine, maneno yake yote ya sura ya 1 hadi 4 yatabadilika. Atakuwa anampa Mado andazi moja la ziada siku fulani bila sababu. Atakasirika siku ambayo Mado hajakosa kitu.

Kuhusu kambo: watoto wakikisia, usikimbie, wape chambo. Mpe Mado kambo wa kweli mwenye picha ya utotoni, Mado mwenyewe amshuku sura ya 4, na sura ya 6 ijulikane kwamba kambo huyo alikulia Kamina na hakufika Lubumbashi mpaka alipoolewa. Msomaji aliyekisia anajiona mwerevu, kisha anaona amekosea, na hatakisia tena haraka.

Chora karatasi ya safu nne: tarehe ya 2025, tarehe ya zamani, Mado anajua nini asubuhi hiyo, Kabedi anajua nini. Safari sita, mistari sita. Mpangilio wa Mado na wa Kabedi uwe mmoja. Siku tatu zikipita huku, tatu zipite kule. Ukivuruga mpangilio (Kabedi amkumbuke Mado kabla Mado hajamwona) fanya mara moja tu kwa kitabu kizima, la sivyo wa miaka 9 wanashuka njiani.

Kikwembe cha Kamalondo (Lubumbashi)

Mwalimu kasema vizuri. Mimi nina ombi moja: sogeza mwaka. 1975, si 1974.

Najua kwa nini umechagua 1974. Kombe la Dunia, Leopards, timu yetu ya taifa, kule Ujerumani Magharibi. Lakini tulifungwa 0-2 na Scotland, 0-9 na Yugoslavia, 0-3 na Brazil. Ni sura moja ya huzuni na haimsaidii Kabedi kwa chochote. 1975 inakupa kitu bora zaidi: kalenda yake ni ileile ya 2025. Miaka yote miwili ilianza Jumatano na hakuna wenye Februari ya siku 29, kwa hiyo kila tarehe inaangukia siku ileile. Mado akiondoka Jumanne tarehe 18 Novemba, anafika Jumanne tarehe 18 Novemba. Hutahesabu kwa vidole tena. Angalia Pasaka tu, hiyo haifuati: 1975 ilikuwa 30 Machi, 2025 ni 20 Aprili.

Mwezi wa angani nao haufuati, na hapo una zawadi. Tarehe 18 Novemba 2025 mwezi karibu umekwisha kabisa, giza. Tarehe 18 Novemba 1975 ulikuwa mpevu, na muda mfupi baada ya saa sita ya usiku ulipatwa wote. Mtoto anaingia chini ya daraja gizani na anatokea kwenye mbalamwezi. Huhitaji mwanga wa ajabu wala upepo wa kuzunguka. Kumbuka tu mvua zimeshaanza mwezi huo, mawingu yafunguke kidogo.

Siku sita baadaye, Jumatatu 24 Novemba 1975, ni miaka 10 ya utawala wa Mobutu. Wanafunzi wanapangwa kwa nyimbo na ngoma za chama, bendera ya kijani yenye mwenge kila mahali. Na 25 Desemba, Alhamisi pande zote mbili, Mado anakuja amebeba zawadi ya Noeli na kuwakuta watu wanakwenda kazini: tangu 1974 Noeli haikuwa tena sikukuu ya taifa. Safari zako sita zinaingia vizuri kati ya tarehe hizo.

Na sasa kile ambacho kitakusaidia kuliko yote. Jina. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalipigwa marufuku, kila mtu akabaki na jina la asili. Kabedi wa miaka 11 mwaka 1975 alizaliwa 1964, alibatizwa Véronique, na alinyang'anywa jina hilo akiwa na miaka 8. Shuleni na barabarani ni Kabedi tu. Kuanzia 1990 majina yakarudi. Yeye ana miaka 26, anaitwa Véro tena, akizaa anakuwa Mama Véro, na baada ya miaka 35 hakuna mtaani anayekumbuka Kabedi. Huna haja ya kumficha wewe. Sheria ya nchi imeshamficha. Weka dalili moja ya haki: sura ya 5, usiku, mama yake anamwita ndani, "Vé..." na anajiziba mdomo kwa sababu kuna mgeni. Basi. Mado anadhani ni kikohozi.

Upande wa pili Mado naye ana shida: anajitambulisha kwa jina ambalo ni kosa. Kabedi lazima ampe jingine kabla ya kesho asubuhi. Marafiki wanaoanza kwa mmoja kumpa mwenzake jina, hiyo haivunjiki.

Mambo madogo yanayoharibu vitabu vya namna hii, nayataja haraka. Jeans ya Mado: wakati ule suruali kwa mwanamke ilikuwa kinyume cha otantisite, ile siasa ya Mobutu ya kurudia asili, kwa hiyo kikwembe (kitenge) kimfikie kabla hajafika barabara kubwa. Mkoa hauitwi Katanga, unaitwa Shaba, toka 1971 mpaka 1997. Kampuni ya reli imekuwa SNCZ mwaka uliotangulia, ila mdomoni mwa wazee ni BCK, jina la zamani. Pesa ni zaïre na makuta, likuta moja kwa umoja, makuta 100 kwa zaïre moja. Na zaïre hiyo ilikuwa nzito: dola 2 za Marekani kwa bei ya serikali mpaka mwanzo wa 1976. Usimwonyeshe Kabedi akinunua pipi kwa zaïre tano, ni kama mtoto kutoa dola 10. Noti yake imeandikwa Banque du Zaïre, ya Mado Banque Centrale du Congo. Wakiziweka pamoja juu ya jiwe, sura ya 3 imekamilika bila maelezo.

Simu. Kila mtoto atauliza. Kusema "hakuna umeme" hakutoshi, mjini umeme wa volti 220 ulikuwepo na plagi ya pini mbili za mviringo ni hiihii ya leo. Ama sharja ibaki nyumbani, ama nyumba ya Kabedi isiwe na waya wa umeme. Sema moja mapema.

Msomaji wa Himbi (Goma)

Dada Kikwembe amemaliza, naongeza neno kutoka huku kwa sababu watakuja kukuambia uweke maafa makubwa ndani. Usiweke. Sisi tunajua bei yake. Ukimpeleka mtoto Goma tarehe 10 Januari 1977, siku ziwa la moto la Nyiragongo lilipomwagika lote kwa muda usiofika saa moja, au 17 Januari 2002 wakati lava ilipokata mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, swali la msomaji ni moja: kwa nini haonyi watu? Na kwa sheria yako ngumu jibu ni kwamba akionya hawatamsikia. Kitabu kinageuka kuwa cha mtoto anayepiga kelele bila kusikilizwa. Yaweza kuwa kitabu kizuri, ila si hiki chako, na urafiki utabaki pembeni.

Lori moja linatosha. Mtu mmoja, njia moja, uamuzi wa dakika mbili. Na lisiwe ajali iliyowahi kuandikwa popote, libuni.

Kalamu ya Katuba

Asanteni sana. 1975 nimeikubali, na karatasi ya safu nne imeonyesha kwamba safari ya tano ilikuwa haina kazi yoyote. Mwalimu, mara sita zitabaki sita, nitahamisha mguu uliovunjika.

Jambo jipya. Baada ya safari ya sita daraja limefungwa. Kabedi anamwandikia Mado barua, anaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, anaifukia chini ya kichuguu nyuma ya nyumba, Mado anaifukua 2025. Hilo linakubalika?

Mwalimu wa Ruashi

Hapana, mara tatu. Kopo ni chuma kilichopakwa ngozi nyembamba ya bati. Kwa masika ya hapa, Novemba mpaka Aprili kila mwaka, ngozi inachubuka na chuma kinatoboka muda mrefu kabla ya miaka 50. Karatasi mchwa wanaila hata kwenye kabati, sembuse nyumbani kwao. Na kichuguu chenyewe hakitakuwepo: udongo wake ndio watu wanafyatulia matofali.

Uko Lubumbashi, tumia shaba. Kipande cha bamba chenye unene wa milimita 1, upana sentimita 10 na urefu 15, kina uzito wa gramu 134 hivi, mtoto anakificha chini ya nguo. Shaba ni laini, ncha ya msumari wa chuma inaichora vizuri ukikandamiza na kurudia mstari mara tatu au nne. Itageuka nyeusi, kisha kijani, lakini mikwaruzo inabaki. Mado aisugue taratibu kwa limau na chumvi, dakika chache tu, herufi zitatoka. Watoto watataka kujaribu nyumbani, na itafanya kazi kweli, jambo zuri kwa kitabu.

Faida yake kubwa ni nafasi. Herufi za msumari haziwi ndogo. Ukipata mistari 12 ya herufi 16, hizo ni herufi 192 pamoja na nafasi, yaani maneno kama 30 ya Kiswahili. Barua yako ya sasa bila shaka ni kurasa mbili za machozi. Kabedi ana maneno 30 na mkono unaouma. Andika hayo 30 kwanza, kabla ya sura yenyewe.

Mahali pa kuficha: si ardhini kwenye uwanja. Shaba ikionekana itauzwa kwa kilo kabla ya mwisho wa wiki, 1990 au 2025 hakuna tofauti. Iwe ndani ya ukuta, kati ya tofali na kizingiti cha mlango, na nyumba hiyo iwe ndiyo Mado anaishi sasa. Hapo Mama Véro amepata sababu ya kuuza mandazi mbele ya lupango hiyo na si nyingine. Anaulinda ukuta.

Fundi wa Herufi (Bukavu)

Naona mmesahau sikio. Wasichana hawa wawili wanasemaje?

Masimulizi yaende kwa Kiswahili chepesi cha vitabuni, ili mtoto wa Bukavu, Kalemie au Kigoma asome bila kuuliza. Mazungumzo yawe Kiswahili ya Lubumbashi, lakini chagueni sifa chache na mzishike mpaka mwisho: *ba* badala ya *wa* kwa watu, *ku* na *mu* mbele ya mahali, *fasi* (mahali), *njo* (ndiyo), na kile kitenzi cha mazoea chenye *-ake*. Ukiandika kila sauti jinsi inavyosikika, ukurasa unageuka kichaka. Kipimo ni hiki:

"Weye unatoka fasi gani?"
"Njo hapahapa, ku Katuba."
"Jina yako?"
"Mado."
"Ile jina, usisemake mbele ya mwalimu. Kesho utaitwa Ngoie."

Inasomeka, na mahali panajulikana. Usitofautishe 1975 na 2025 kwa sarufi, hutaweza, utachoka sura ya 7. Tofautisha kwa msamiati. Kabedi ana likuta, posho ya baba, sitwayeni (raia), animasio (zile nyimbo na ngoma za chama). Mado ana unite za simu, sharji, mega za intaneti. Bukari (ugali), sombe (kisamvu) na masomo wanavyo wote wawili, na huko ndiko wanakokutana. Ukitaka kusikia Kiswahili cha mji huo kilivyoandikwa na wenyeji zamani, kuna historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili hichohicho, juu ya maisha ya watumishi wa nyumbani. Kwa macho, tazama michoro ya Tshibumba Kanda Matulu aliyoichora hukohuko miaka ya 1973 na 1974: nguo, magari, alama za chama, rangi za kuta.

Halafu saa. Hapa mna hazina na hakuna aliyeiokota. Kwa Kiswahili saa kumi na mbili ya jioni ni *dix-huit heures*, 18:00 kwenye simu. Mtoto wa 2025 aliyezoea simu anayesikia "kumi na mbili" anaweza kuelewa mchana. Tofauti ya saa sita, miadi imekosekana, na hakuna aliyesema uongo. Kuna na ya pili: Kinshasa iko nyuma yenu kwa saa moja. Jirani anayerekebisha saa yake kwa redio ya taifa, wakati huo La Voix du Zaïre, bila kuongeza saa moja anachelewa kila siku. Tumia moja kati ya hizo, si zote. Mimi ningechukua ya kwanza, na ningeiweka jioni ya lori.

Urefu: maneno 31,000 punguza mpaka 26,000. Maneno yetu ni marefu, ukurasa wa A5 kwa herufi za pointi 12 unabeba 230 hivi, kwa hiyo uko kwenye kurasa 113. Ongeza michoro na kurasa za mwanzo, unafika 128, ambayo ni mikunjo minane ya kurasa 16 kamili. Ukifika 131 mchapaji anakuongezea mkunjo mzima na kurasa tupu 13 unalipia. Sura ikae kati ya maneno 1,300 na 1,600. Ikisomwa kwa sauti inachukua dakika 11 mpaka 13, na mwalimu anamaliza kabla darasa halijaanza kusukumana.

Kalamu ya Katuba

Ya saa kumi na mbili nimeichukua, jioni ya lori. Swali la mwisho, limenishinda kuliko mengine. Siri ikishafunguka sura ya 10, Mado anamwitaje? "Kabedi" haiwezekani, mtoto wa 11 kumwita mama wa miaka 61 jina kavu, hata msomaji atashtuka. "Mama Véro" nayo inamrudisha kuwa jirani tu.

Kikwembe cha Kamalondo

Mbele ya watu ni Mama Véro, hakuna mjadala. Mado akiteleza hata mara moja barabarani, mama yake mzazi amsikie na amkemee, na Mama Véro mwenyewe aungane na mama kumkemea, usoni amekaza, machoni anacheka.

Wakiwa wawili, mdomo wa Mado ukatae. Ajaribu "Kabedi" na sauti isitoke. Ajaribu "Yaya", yaani dada mkubwa, ni mkubwa mno kwa yaya. Kisha ukumbuke desturi yetu: kambo na mjukuu wanataniana kama rika, wanaitana mume na mke, wanaibiana chakula, hakuna anayeona vibaya. Mama Véro si kambo yake kwa damu, ila umri unamruhusu kuuingia huo utani. Na ndiyo sababu ule ukisiaji wa watoto wa sura ya 4 haukupotea bure: walisema kambo, wakakosea, na kitabu kinawarudishia neno lao kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo barabarani Mama Véro, mandazini Kambo, na "Kabedi" ibaki mara mbili tu baada ya sura ya 10. Moja ni kwenye bamba la shaba, sahihi yake mwisho wa yale maneno 30. Ya pili uitunze. Nadhani ni mama mwenyewe ataitamka, siku atakapomwuzia andazi mtoto mgeni na kuulizwa jina.